Spring Boot na Apache Camel baada ya misimu miwili ya mahindi Kibaigwa

Tangu katikati ya mwaka 2022, sisi wanne tunaofanya kazi katika ofisi ya vyumba viwili Area D, jijini Dodoma, tumekuwa tukijenga na kutunza mfumo wa ghala moja la nafaka lililopo Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Mfumo huo una moduli nne: mapokezi, ambako mzigo hupimwa, ghala, inayotunza hesabu ya kilichomo, malipo, na taarifa, inayowapelekea wakulima ujumbe mfupi. Moduli hizo zimesimama juu ya zana mbili ambazo ndizo ninazozitathmini hapa, yaani Spring Boot, ambayo kwetu kazi yake kubwa ni kudunga vitegemezi, yaani kukiletea kila kipande cha programu vitu kinavyovihitaji, na Apache Camel, inayounganisha mfumo na vitu vilivyo nje yake kama mizani, kampuni ya malipo ya simu na ofisi ya uhasibu. Zote mbili ni za lugha ya Java na zote mbili hutolewa bure kwa leseni ya Apache 2.0, kwa hiyo gharama nitakayoizungumzia ni ya muda, ya kumbukumbu ya kompyuta na ya usingizi.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji asiyekuwa na nafasi asilazimike kunifuata hadi mwisho. Wakati wa kujenga, zana hizi zilituchelewesha kuliko zilivyotusaidia, na kama mteja wetu angekuwa mtu asiyebadilisha chochote ningesema tulipoteza miezi miwili ya kujifunza bure. Zilianza kutulipa siku tulipolazimika kung'oa kitu kimoja na kuweka kingine mahali pake, na tangu hapo hazijaacha.

Anayejua eneo la ujenzi, na Dodoma ya miaka hii nani asiyelijua, ataelewa upesi maana ya kudunga vitegemezi. Fundi mwashi akiwa juu ya jukwaa hashuki kufuata tofali wala kuchanganya saruji na mchanga. Saidia fundi humletea mkononi, na fundi hana haja ya kujua tofali limefyatuliwa wapi mradi limetimiza kipimo. Katika programu, klasi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, inayofanya malipo huhitaji kitu cha kutuma fedha, kitu cha kusoma kanzidata na kitu cha kuandika kumbukumbu. Ikivitengeneza vyote yenyewe, itakuwa imejifunga kwa kampuni ile ile ya malipo na kanzidata ile ile hadi mtu aje kuifungua kwa nyundo. Ikivitaja tu katika konstrakta yake, yaani sehemu inayoendeshwa klasi inapoundwa, kwamba ndivyo inavyovihitaji, kisha ikaviacha viletwe na kontena, ile sehemu ya Spring inayounda vitu na kuvigawa, itabaki haijui vimetoka wapi. Kontena ndiyo saidia fundi wetu. Jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya jina lake. Martin Fowler ndiye aliyelipa jina hilo katika makala ya Januari 2004, na miezi miwili baadaye, Machi mwaka huohuo, Spring ikatoa toleo lake la 1.0, ikiwa imekua kutoka katika msimbo ambao Rod Johnson aliuambatanisha na kitabu chake cha mwaka 2002. Spring Boot ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka 2014, ikaondoa marundo ya mafaili ya XML ambayo waliotutangulia bado huyasimulia kwa uchungu.

Faida ya kwanza tuliyoiona ilikuwa katika majaribio. Hakuna mwanaprogramu mwenye akili timamu anayejaribu moduli ya malipo kwa kutuma fedha za kweli, na kabla ya hapo, katika kazi zetu za zamani, tulikuwa tukiweka masharti ndani ya msimbo wenyewe: kama ni majaribio fanya hivi, kama ni kweli fanya vile. Masharti ya namna hiyo ni kama ufunguo unaofichwa chini ya zulia la mlangoni, kila mtu anajua uko wapi isipokuwa mwenye nyumba. Sasa moduli ya malipo inaijua intafesi moja tu, inayosema kwamba yupo mtu wa kupeleka kiasi fulani kwa namba fulani, na wakati wa majaribio tunaidunga klasi bandia ambayo huandika tu kwamba imeombwa kutuma. Klasi ya malipo haioni tofauti. Mteja alipoamua kuhamia kampuni nyingine ya malipo, tuliandika klasi mpya moja yenye mistari isiyozidi mia mbili, tukabadilisha mpangilio mmoja, na mafaili ya moduli ya malipo hayakuguswa hata moja. Siku hiyo mwenzetu aliyekuwa akiipinga Spring tangu mwanzo alinyamaza hadi saa ya chai.

Hata hivyo, saidia fundi huyu ana tabia zake, na baadhi zinakera. Kubwa kuliko zote ni usiri. Spring Boot hupekua maktaba zilizopo katika mradi na kujitengenezea yenyewe vitu ambavyo haikukuta umeviandika. Ikikuta dereva wa kanzidata inaunda muunganisho, ikikuta maktaba ya wavuti inawasha seva ya Tomcat ndani kwa ndani katika mlango wa 8080. Kwa anayeijua ni neema. Kwa kijana aliyetoka chuoni mwezi uliopita ni mazingaombwe, na swali aliloniuliza mwenzetu mdogo wiki yake ya kwanza, kwamba ni nani aliyekiunda kitu hiki maana hakioni popote katika msimbo, lilikuwa swali la haki kabisa. Jibu lipo, na nashangaa kwamba halisemwi mapema katika mafunzo mengi: ukiiwasha programu kwa hali ya utatuzi, yaani ukiongeza neno debug wakati wa kuiwasha, Spring Boot itachapisha ripoti ndefu inayoonyesha kila kitu ilichojiundia, kila kitu ilichokiacha, na sharti lililoifanya iamue hivyo. Ripoti hiyo haisomeki kwa raha, lakini inasema kweli, na kwetu imekuwa somo la lazima kwa kila anayejiunga.

Usiri huo una mtego mwingine unaohusu miamala, yaani makundi ya hatua za kanzidata ambazo ama zote hukamilika ama zote hufutwa. Ukiiwekea mbinu, yaani kitendo kimoja cha klasi, alama ya muamala, Spring haibadilishi klasi yako. Huifunika kwa proksi, kitu kinachosimama mbele yake kama bawabu, na proksi ndiyo inayofungua muamala kabla ya kukupitisha ndani. Maana yake ni kwamba mbinu moja ikiita mbinu nyingine ya klasi hiyohiyo, wito haupiti kwenye proksi, na alama uliyoiweka inakuwa pambo. Tulikuwa na mbinu ya kulipa wakulima wengi iliyoita mbinu ya kulipa mmoja mmoja, ambayo ndiyo iliyokuwa na alama, na kwa majuma kadhaa tuliamini kwamba kila malipo yamelindwa na muamala wake ilhali hayakulindwa na kitu. Nyaraka rasmi zinalieleza jambo hili wazi, hivyo kosa ni letu. Lakini zana inayokuruhusu kuandika ulinzi usiolinda, bila hata onyo wakati wa kuwaka, siwezi kuipa alama zote.

Mahali ambapo Spring Boot ilitukataza jambo, ilitufaa kuliko mahali ilipotuachia. Moduli ya malipo ilihitaji kuuliza ghala ni kilo ngapi zimepokelewa, na moduli ya ghala ilihitaji kuuliza malipo kama stakabadhi imekwisha kulipwa kabla ya kuruhusu mzigo utoke. Kila moja ikamtaja mwenzake kama kitegemezi. Kwa kudunga kupitia konstrakta jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa hakuna wa kuundwa kwanza. Ni kama watu wawili wanaosubiriana mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Zamani waandishi wengi waliukwepa ukuta huo kwa kudunga moja kwa moja kwenye sehemu za klasi, na mambo yakapita kimyakimya. Tangu toleo la 2.6, lililotoka Novemba 2021, Spring Boot hukataa kuwaka ikikuta mzunguko wa namna hiyo, na huuchora kwenye skrini ili uone nani anamtegemea nani. Upo mpangilio wa kuirudisha katika ulegevu wa zamani, na nakiri kwamba tuliuweka, tukakaa nao siku tatu, kisha tukaona aibu tukauondoa. Suluhisho likawa matukio: ghala hutangaza kwamba mzigo umepokelewa, malipo husikia na kutunza nakala ya kile inachokihitaji, na hakuna anayemwuliza mwenzake kitu. Angalizo moja ni kwamba matukio ya Spring, usipoyaelekeza vinginevyo, hutekelezwa papo hapo katika uzi uleule, yaani mfululizo uleule wa kazi wa aliyetangaza, kwa hiyo msikilizaji akishindwa humwangusha na aliyetangaza.

Kwa kulinda mipaka ya moduli tuliongeza Spring Modulith, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2023. Hii huchukua kila kifurushi cha klasi kilicho chini moja kwa moja ya kifurushi kikuu kuwa ni moduli, na kwa jaribio moja fupi hukuambia kama moduli fulani imeingia chumba cha ndani cha nyingine. Mara ya kwanza tulipoliendesha jaribio hilo lilitutajia makosa ambayo tungeapa hayapo. Ni nyongeza ndogo ambayo ningemshauri kila mtu aanze nayo siku ya kwanza, badala ya mwaka wa pili kama sisi.

Sasa Camel. Ngamia si mnyama wa kwetu, mzigo wa Mgogo hubebwa na punda, lakini jina limekaa vizuri kwa sababu chombo hiki ni cha kubebea. Mwaka 2003 Gregor Hohpe na Bobby Woolf walikusanya ruwaza 65, yaani suluhisho za matatizo yanayojirudia, za kuunganisha mifumo kwa ujumbe, na Camel, iliyoanza mwaka 2007 chini ya Apache, ni utekelezaji wa ruwaza hizo katika msimbo unaosomeka karibu kama maelezo ya njia: toka hapa, chuja, geuza, kisha nenda pale. Ina viunganishi zaidi ya 300, na tuliilinganisha na Spring Integration kwa siku chache tu kabla ya kuichagua kwa sababu hiyo. Kwa timu inayotaka kubaki ndani ya familia moja ya Spring, ile nyingine nayo ingefaa.

Kazi yake kwetu inaanzia kwenye mizani. Atakayeuliza kwa nini ghala la Kibaigwa lihangaike kuunganisha mizani na kompyuta badala ya kuhesabu magunia, huyo hajawahi kuuza mahindi. Gunia la lumbesa lina kilo nyingi kuliko bei yake, na njia ya kumlinda mkulima ni kupima kwa kilo na kuandika namba ileile iliyosomwa na mizani, bila kupitia kalamu ya mtu. Mizani ya kwanza ilitoa mstari wa maandishi kwa waya, ukapita kwenye kisanduku kidogo kinachougeuza uwe wa mtandao, na Camel ikausikiliza kwa kiunganishi chake cha mtandao kiitwacho Netty. Mizani hiyo ilipoharibika katikati ya msimu wa pili, ikaletwa nyingine inayopanga alama zake kwa namna tofauti kabisa. Mabadiliko yote yalikaa katika njia moja, kwenye hatua ya kugeuza, na moduli ya mapokezi iliendelea kupokea kilo zake bila kujua kwamba kuna chuma kilichobadilishwa. Tulianza saa tatu asubuhi, na malori yaliyokuwa yamepanga foleni yalianza kupimwa kabla ya adhuhuri.

Tulipojikwaa ni katika ruwaza ya mpokeaji asiyerudia, inayokumbuka vitambulisho vya ujumbe uliokwisha kupokelewa ili ukija tena utupwe. Camel hutoa ghala kadhaa za kumbukumbu hiyo. Iliyo rahisi kuliko zote hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta na kwa kawaida hutunza vitambulisho 1,000, na sisi, kwa haraka ya msimu, tuliichukua hiyo. Usiku mmoja umeme ulikatika, kompyuta ya ghalani ikazimika, na iliporudi ilikuwa haikumbuki kitu. Kisanduku cha mizani nacho kikatuma tena kila ambacho hakikuwa na uhakika kwamba kimefika. Asubuhi msimamizi wa ghala, mama wa makamo ambaye daftari lake la mkono limetuaibisha zaidi ya mara moja, alinipigia simu akasema, «Mwanangu, huku kwetu magunia hayazai usiku. Njoo uone hesabu yako.» Nilikwenda. Tulihamishia kumbukumbu hiyo kwenye kanzidata kwa kubadilisha mistari miwili, na tatizo halijarudi, lakini salamu za mama yule bado zinaanza na habari za magunia yaliyozaa.

Kiunganishi cha mafaili nacho kinataka uangalifu. Ofisi ya uhasibu hupokea na kurudisha mafaili ya hesabu ya kila siku, na Camel ikimaliza kusoma faili hulihamishia katika folda iitwayo .camel, ambayo kwenye seva za Linux haionekani kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Mhasibu alitafuta faili lake nusu siku. Jambo zito zaidi ni kwamba usipoiagiza Camel isubiri hadi faili liache kukua, inaweza kulisoma likiwa bado linaandikwa, ukapata hesabu ya nusu siku inayoonekana kamili. Mpangilio wa kusubiri upo na ni wa neno moja, ila ni lazima ujue kuuomba.

Kuhusu mazingira yetu, yapo ambayo watu wa miji yenye intaneti ya bei rahisi hawayaandiki. Mara ya kwanza kujenga mradi wa Spring na Camel, Maven, zana ya kujengea miradi ya Java, hupakua mamia ya maktaba, na tulipokuwa tukitegemea bando la simu tulijifunza kunakili folda ya .m2, ambamo Maven huziweka maktaba hizo, kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine badala ya kila mtu kupakua yake. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4 itakutesa ukifungua kihariri, kanzidata na programu kwa pamoja. GB 8 inavumilika. Programu yetu huchukua kama nusu dakika kuwaka katika kompyuta ya ghalani, kwa sababu Spring hupekua klasi na kuunganisha vitu wakati wa kuwaka. Anayetaka kuwaka upesi atazame zana zinazofanya kazi hiyo wakati wa kukusanya msimbo, kama Micronaut au Quarkus, au Dagger kwa programu za simu za Android, ambako sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Guice ya Google, iliyotolewa mwaka 2007, hudunga tu na haina makuu, na kwa mradi usiohitaji wavuti wala kanzidata ningeichukua kabla ya Spring.

Upandishaji wa matoleo ndio ulionichosha kuliko yote. Spring Boot hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, Mei na Novemba, na huduma ya bure ya toleo moja hudumu kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Sisi tulianza na 2.7. Kuhamia 3, iliyotoka Novemba 2022, kulidai Java 17 na kubadilisha majina mengi ya vifurushi yaliyoanza na javax yaanze na jakarta, na kwa kuwa Camel 3 tuliyokuwa nayo iliendana na Boot ya zamani, ilibidi nayo ipandishwe hadi 4 kwa pamoja. Hapo ndipo niliposhukuru kanuni ambayo tulijiwekea kwa bahati tu, kwamba ndani ya moduli zetu, katika klasi zinazohesabu kilo na bei, pasiwe na jina lolote la Spring wala la Camel. Klasi hizo zina konstrakta za kawaida, na zana zimebaki pembeni kwenye klasi za mipangilio na za njia. Moduli ya ghala, iliyoifuata kanuni hiyo kikamilifu, ilihama mchana mmoja. Moduli ya taarifa, ambayo niliiandika mimi mwenyewe kwa haraka na kupachika alama za Spring kila mahali, ilinichukua siku nne.

Kwa hiyo, Spring Boot naipa nyota nne kati ya tano, na Camel nne pia ingawa kwa sababu tofauti: ya kwanza imenyimwa moja kwa usiri wake, ya pili kwa mipangilio ya kawaida inayodhani kwamba umeme haukatiki. Mwenye duka moja, mizani moja na daftari moja asizichukue. Aandike programu ndogo, aunganishe vitu vyake kwa mkono katika faili moja la kuanzia, na atakuwa amepata faida yote ya kudunga vitegemezi bila kontena yoyote. Mwenye moduli tatu au zaidi na wadau wa nje wanaobadilika, hasa wale ambao hawatakupigia simu kabla ya kubadilisha, ataziona zinafaa kuanzia mabadiliko ya kwanza. Sisi tunaendelea nazo. Mteja ameagiza mizani ya tatu, ya malori mazima, itakayofika kabla ya mavuno ya Juni, na njia yake ya Camel imekwisha kuandikwa ikisubiri tu tujue chuma hicho kinapanga alama zake namna gani.